Mbona Nahodha Amepunguza Mwendo?



Huenda umepata kuwamo katika safari ya namna hii. Likizo umeipata, watoto umewavika nguo za safari, na sasa umeketi katika mashua ya mashine inayotoka Wete kwenda kisiwa cha Fundo, au katika chombo kinachovusha watu kwenda Kojani, upande wa mashariki wa Pemba. Bahari ni shwari, mashine inanguruma, upepo mwanana unawapepea. Mara, pasipo sababu unayoiona, nahodha anapunguza mashine. Mwendo unakuwa wa kinyonga. Baharia mmoja anakwenda kusimama omoni, upondo mkononi, macho yake majini. Dakika zinapita. Jua linaanza kuchoma. Mtoto analia. Ndipo abiria mmoja, na pengine ni wewe mwenyewe, anapopaza sauti: "Nahodha, mbona unatuchelewesha? Tia moto, bwana!"

Nahodha hajibu. Anatazama mbele tu.

Jumapili ya leo nataka kumjibia nahodha huyo, kwani yeye hana nafasi ya kutoa darsa huku ameshika usukani. Jibu lake kwa ufupi ni hili: penye maji haba, haraka haiongezi mwendo. Huongeza hatari, na huongeza gharama ya mafuta. Jibu kwa urefu ndilo mazungumzo yetu ya leo, na naomba uyasome pamoja na watoto, kwa kuwa wao nao ni abiria.

BAHARI MBILI ZA KISIWA KIMOJA

Tumezoea kusema kwamba Unguja na Pemba ni ndugu wawili. Ni kweli, lakini chini ya maji ndugu hao hawafanani. Unguja imekaa juu ya uwanda wa chini ya maji unaotokana na bara. Katika zama za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imeshuka kwa zaidi ya meta 100, Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Pemba haikushikana nayo wakati huo, kwa sababu kati yake na pwani ya Tanga upo mkondo wa kilindi ambao kina chake hupita meta 700. Chombo kinachotoka Tanga kwenda Pemba, kwa sehemu kubwa ya safari, hakina habari kabisa na chini ya bahari.

Lakini kilindi hicho hukoma ghafla ukikaribia upande wa magharibi wa kisiwa. Hapo vimejipanga visiwa vidogo na miamba: Njao na Fundo, Uvinje na Kokota, Misali peke yake katikati, kisha Makoongwe na Kisiwa Panza huko kusini. Nyuma ya visiwa hivyo ziko ghuba na hori zenye mikoko, matope na mafungu ya mchanga. Chombo huingia kwa kupita milango iliyo kati ya visiwa, na kwa muda mfupi tu nahodha aliyekuwa na mamia ya meta chini yake hujikuta ana meta tano, kisha tatu, kisha moja na nusu. Hata mji wa Chake Chake umekaa mwisho wa hori ndefu ya namna hiyo, ambayo jahazi lilipaswa kungoja maji yajae ndipo liipande.

Na kina chenyewe hakitulii. Katika bahari ya Zanzibar, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia meta 4. Mahali ulipopita asubuhi ukiwa na maji ya kuzamisha nyumba, jioni unaweza kuwakuta akina mama wakiokota chaza. Kwa hiyo nahodha wa Pemba ana kazi ambayo dereva wa basi hanayo: barabara yake huinuka na kushuka mara mbili kila siku, naye haioni.

MAJI NAYO HUTAKA NJIA

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Chombo hakiendi juu ya maji kama baiskeli iendavyo juu ya lami. Chombo kimekaa ndani ya maji. Mashua yenye uzito wa tani 5 imesukuma kando tani 5 za maji ili ipate mahali pa kukaa, na kila inaposogea urefu wake mmoja, maji kiasi hicho hayana budi kuhama: yaondoke mbele, yapite ubavuni na chini ya mkuku, kisha yarudi nyuma kuziba pengo lililoachwa.

Katika kilindi, kuhama huko si shida. Maji yana nafasi tele, huteremka chini na kuzunguka kwa utulivu. Lakini penye maji haba, sakafu ya bahari imekaribia mkuku, na njia ya chini imebanwa. Fikiri mkesha wa Idd pale Kariakoo. Katika barabara pana umati wa watu hupita bila kusukumana. Uelekeze umati ule ule katika uchochoro mwembamba, nao uwe na haraka ile ile: wataanza kukimbia, watasukumana, na nyuma yao watajazana wengine. Ndivyo yafanyavyo maji chini ya mashua. Yakibanwa hukimbia, na yakikimbia hukisumbua chombo kwa njia tatu: hukizuia, hukididimiza, na hukinyang'anya usukani.

Watoto wanaweza kujionea wenyewe jambo la kwanza hapo nyumbani. Chukueni karai refu na kipande cha ubao mzito kidogo, wenye ukubwa wa kiganja. Kifungeni uzi, upitisheni uzi huo juu ya ukingo wa karai, na mwisho wake mning'inize kijiwe. Jazeni karai, mkiachie kijiwe kiuvute ubao, na mhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ubao ufike ukingoni. Kisha mwageni maji, mbakize ya kuuelea ubao tu. Rudieni. Kijiwe ni kile kile na ubao ni ule ule, lakini hesabu imekuwa ndefu. Hakuna aliyeongeza mzigo. Kilichopungua ni nafasi ya maji kupita.

CHOMBO KINAPODIDIMIA

Jambo la pili ni la ajabu zaidi, nalo ndilo linalowagharimu wengi. Maji yanapokimbia, msukumo wake wa kubeba hupungua. Mtoto achukue karatasi mbili, azishike zikining'inia sambamba, zikiachana kwa upana wa vidole viwili, kisha apulize katikati yake. Utadhani zitatawanyika. Badala yake zitakaribiana, kwa sababu upepo unaokimbia kati yake hauzisukumi kwa nguvu sawa na hewa iliyotulia nje.

Basi maji yakimbiayo chini ya mashua hufanya vivyo hivyo. Hayaibebi tena kama yalivyokuwa yakiibeba iliposimama, na mashua hudidimia, ikaukaribia mchanga. Kwa kudidimia huko nafasi huzidi kuwa nyembamba, maji huzidi kukimbia, na chombo huzidi kushuka. Ukitazama kwa macho huoni kitu. Abiria hatambui kwamba ameshuka.

Hesabu yake ni ya kutisha. Mwendo ukizidi mara mbili, kudidimia huzidi takriban mara nne. Tuseme kwa mfano kwamba chombo chako hushuka sentimeta 10 kikienda kilometa 6 kwa saa. Ukikikimbiza kwa kilometa 12, kitashuka kiasi cha sentimeta 40. Sasa kama kati ya mkuku na fungu la mchanga palikuwa na sentimeta 30 tu, kwa mwendo wa kwanza ungepita salama u salimini, hata usijue kwamba fungu lilikuwapo. Kwa mwendo wa pili utagota. Fungu ni lile lile, maji ni yale yale. Kilichokupandisha mchangani ni haraka yako.

Wala usidhani kwamba hayo huwapata wenye mashua ndogo peke yao. Tarehe 7 Agosti, 1992, meli kubwa ya abiria ya Uingereza, Queen Elizabeth 2, yenye urefu wa karibu meta 294, iligota mwamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk katika pwani ya Massachusetts, Marekani. Ilikuwa na vyombo vyote vya kisasa, na ilikuwa ikienda kwa kasi. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili yaliyokutana: mwamba ulikuwa juu zaidi kuliko ramani ilivyosema, na meli nayo ilikuwa imedidimia kuliko walivyokadiria waliokuwa wakiiongoza. Bahati njema hakufa mtu. Lakini kama meli ya namna ile ilidanganyika, ndugu msomaji, mashua yetu isiyo na ramani itasemaje?

WIMBI LISILOPANDIKA

Sasa turudi kwa abiria wetu aliyesema "Tia moto". Tuseme hakuna fungu wala mwamba, ni maji haba tu, sawasawa, yenye chini laini ya matope. Je, hapo mashine haiwezi kuongezwa?

Inaweza kuongezwa, lakini kwa mashua iliyosheheni faida yake ni haba kama maji yenyewe. Kila chombo kinapokwenda hutengeneza mawimbi, na penye maji haba bahari imeyawekea mawimbi hayo mpaka wa mwendo. Kina kikiwa meta 1, wimbi haliwezi kwenda zaidi ya kilometa 11 kwa saa, au zaidi kidogo. Kikiwa meta 2, mpaka ni kama kilometa 16. Kikiwa meta 4, ni kama kilometa 22 na nusu. Kikiwa meta 10, ni karibu kilometa 36. Kina kikizidi mara nne, mwendo wa wimbi huzidi mara mbili.

Chombo kikikaribia mpaka huo, kinalifikia wimbi lake chenyewe. Mawimbi ambayo kilindini yangetawanyika na kwenda zao hapa hujazana mbele yake yakawa kilima, na nyuma yake huachwa shimo. Omo huinuka na tezi huketi. Mashine ikipigwa moto, moshi huzidi, maji nyuma hugeuka rangi ya matope, na wimbi kubwa huanza kukifuata chombo kama mbwa. Kinachokwenda hapo ni mafuta, si mashua. Kwa bei ya mafuta ilivyo, nahodha anayepunguza mashine penye maji haba anamlinda pia mwenye chombo, na mwisho anailinda nauli yako.

Kuna kisa kimoja cha zamani kinachofurahisha, alichokiandika mhandisi John Scott Russell wa Scotland. Yapata mwaka 1830, katika mfereji mmoja karibu na Glasgow, mashua zilikuwa zikivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Siku moja farasi mmoja akashituka, akatimka mbio na mashua nyuma yake. Mwenye mashua, Bwana William Houston, akastaajabu: badala ya kuzidi kuwa nzito, mashua ilipanda juu ya wimbi lake lenyewe, ikawa nyepesi, na yale mawimbi yaliyokuwa yakizipiga kingo za mfereji yakatoweka. Baadaye, mwaka 1834, Russell mwenyewe alilifuata kwa farasi wimbi la namna hiyo katika mfereji wa karibu na Edinburgh, na tangu hapo wataalamu wakaanza kulichunguza kwa makini.

Basi msomaji mwerevu atauliza: kwa nini nasi tusimshitue farasi? Tuvuke kilima hicho kwa nguvu, tuteleze? Jibu ni kwamba mashua ya Houston ilikuwa nyembamba na nyepesi, na mfereji hauna miamba. Boti nyepesi ya faiba yenye watu wawili na mashine kubwa inaweza kweli kuvuka mpaka huo ikaruka juu ya maji, na ndiyo maana vijana wenye boti hizo hukupita wakakurushia maji. Mashua iliyosheheni watu, magunia ya karafuu na saruji haivuki. Itabaki chini ya kilima, ikisukuma, ikiunguza, ikididimia.

Na hata huyo kijana wa boti ya faiba ana dhima. Wimbi analoliacha huenda likapiga mtumbwi wa mzee anayevua kwa mshipi, likaichimbua mikoko, likazing'oa kamba za mwani. Kilimo cha mwani kilianza kuenea Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mashamba yao yapo hapo hapo penye maji haba. Anayekata maji kwa kasi juu ya shamba la mwani hana tofauti na anayepitisha ng'ombe katika mpunga wa jirani.

USUKANI USIOSIKIA

Jambo la tatu ni usukani. Chombo hugeuka kwa sababu maji yanaupiga usukani, tezi ikasukumwa upande mmoja na omo ikaelekea wa pili. Ili tezi isogee upande, maji ya upande huo lazima yapishe, na mengi hupishia chini ya mkuku. Penye maji haba njia hiyo imefungwa. Unageuza kana, na chombo kinafikiri kwanza. Duara la kugeuka hupanuka, na kwa meli huweza kukaribia mara mbili ya lile la kilindini. Hata kusimama huwa shida.

Kukiwa na ukingo karibu, mambo huzidi. Maji yanayobanwa kati ya ubavu na ukingo hukimbia, nayo, kama zile karatasi mbili, huivuta tezi kuelekea ukingoni na kuiacha omo ielekee katikati ya mkondo. Nahodha asiyejua hushangaa kuona chombo kinakwenda mrama na hali usukani ameunyoosha. Tarehe 23 Machi, 2021, meli ya makontena Ever Given, yenye urefu wa meta 400, ilikwama ikiwa imeuziba kabisa mfereji wa Suez kwa siku sita. Upepo mkali ulitajwa sana, lakini wataalamu wa mwendo wa meli walitaja pia mvuto huu wa kingo. Hori za Pemba zenye kingo za matope na mikoko si Suez, lakini maji ni maji.

Ndiyo maana ni kosa kubwa kukimbiza chombo mahali penye kona na maji haba. Pale pale unapouhitaji usukani zaidi, ndipo unapokusikia kidogo zaidi. Na ni kosa pia kuzima mashine ghafla. Lile wimbi kubwa lililokuwa likikufuata nyuma halina breki. Litakufikia, litaiinua tezi, na kama tezi ni fupi na chombo kimesheheni, litamwagika ndani. Abiria wakishituka wakakimbilia upande mmoja, msiba utatokea katika maji yanayomfika mtu kifuani. Mtoto mdogo hahitaji kilindi ili azame. Maji ya kifuu, walisema wahenga, ni bahari ya chungu.

WALICHOKIJUA WAZEE

Manahodha wa zamani hawakuandika hesabu hizi, lakini walizitumia. Walikuwa na bildi, kamba yenye risasi mwishoni, ya kupimia kina kwa pima. Walikuwa na upondo, ambao ni mguu, jicho na fimbo ya kupimia kwa pamoja. Na walisoma rangi: bluu iliyoiva ni kilindi, kijani kilichopauka ni mchanga ulio karibu, na weusi wa kahawia ni mwamba au majani. Walipendelea kupita milango ya miamba jua likiwa juu au nyuma yao, kwa kuwa jua la mbele hulifanya bahari kioo. Walichonga ngalawa yenye tumbo jembamba na vigogo viwili vya pembeni, chombo kinachopita penye maji ya magotini bila kusumbua mchanga.

Zaidi ya yote walijua mwezi. Msomaji wa mjini anaweza kujifunza kanuni yao kwa dakika moja. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu ndizo za bamvua. Katika siku hizo, Unguja na Pemba, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji hujaa karibu saa 4 na kupwa karibu saa 10, lakini sasa ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana.

Jambo jingine: maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza huondoka sehemu moja kati ya 12, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha mbili, kisha moja. Maana yake ni kwamba nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Siku ya bamvua ya meta 4, hiyo ni meta nzima kila saa. Abiria anayemchelewesha nahodha bandarini kwa nusu saa, akingoja gunia lake la mwisho, wakati huo ameiondolea mashua nusu meta ya maji huko mbele. Kisha ni yeye yule atakayepiga kelele njiani kwamba mwendo ni mdogo. Na chombo kikipwelewa juu ya fungu, hakuna wa kumlaumu. Mtaketi hapo mpaka bahari iwarudie.

MZIGO NA SAUTI YA ABIRIA

Gunia hilo la mwisho lina dhambi nyingine. Kila mzigo unaoongezwa hukishusha chombo, na kushuka kwa mzigo hujumlishwa na kudidimia kwa mwendo. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi hakina usalama kwenye maji haba wala kilindini. Watu wa Pemba hawahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ile haikuwa ajali ya maji haba, wala sitaki kuchanganya mambo. Nimeitaja kwa sababu kila chombo, kiwe kikubwa au kidogo, kina alama moja tu ya kweli, nayo ni mahali maji yanapofika ubavuni. Abiria ana macho ya kuiona kabla hajapanda.

Basi nakuachia mambo machache ya kushika. Uliza maji yanajaa au yanapwa kabla hujauliza nauli. Fika bandarini mapema, na mzigo wako uwe mwepesi. Ukiona tezi inaketi, wimbi la nyuma linakua na maji yanageuka matope, jua kwamba chini pamekaribia; keti, mshike mtoto, usisimame kuchungulia. Nahodha akipunguza mwendo, mshukuru moyoni. Na ukiona kinyume chake, nahodha anakimbiza chombo kilichosheheni katikati ya mafungu, hapo ndipo mahali pa kupaza sauti, kwa adabu lakini bila kuogopa.

Kwa ninyi wenye vyombo, msimhesabie nahodha wenu safari kwa saa ya ukutani. Fundi wa kiwandani hashurutishwi kuendesha mashine kupita kipimo chake, kwani mwenye kiwanda anajua gharama ya kuivunja. Nahodha naye ni mfanyakazi mwenye ujuzi, na kipimo chake ni kina cha maji. Anayemshurutisha afike kabla ya maji kufika anamtuma kuivunja mashua, na ndani yake wamo watu.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Nadhani aliyesema hivyo mara ya kwanza alikuwa na upondo mkononi.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaaliwa. Safari njema.